Fedha za Walinzi wa Kaburi



Neno letu latoka katika Injili ya Mathayo, mlango wa 28, mstari wa 11 hadi 15. Walinzi wa kaburi waliingia mjini wakaeleza yote waliyoyaona. Hao walikuwa mashahidi wa karibu kabisa. Lakini walipewa fedha nyingi, wakafundishwa kusema kwamba wanafunzi walikuja usiku wakamwiba. Wakapokea, wakasema hivyo, na habari ikaenea.

Angalieni ni nani waliotoa fedha hizo. Si Pilato, wala si wanyang'anyi wa njiani. Ni makuhani pamoja na wazee. Sisi tuvaao kola twapaswa kuisoma mistari hiyo polepole.

Katika kaunti zetu nani asiyeijua bahasha? Mkubwa huwaita waandishi hotelini, na mkutano ukiisha msaidizi wake huzunguka nyuma ya jengo na orodha ya majina. Huitwa nauli, huitwa chai. Maadili ya waandishi yaliyowekwa katika Sheria ya Baraza la Habari ya mwaka 2013 yalikataza jambo hilo, lakini bahasha haikukoma. Kinachonunuliwa mara nyingi si sifa, ni kimya: bomba lililozinduliwa halitoi maji, na hakuna aandikaye.

Huko China nako waandishi hupewa bahasha, na huko pia huitwa nauli. Mwaka 2002 mgodi wa dhahabu katika wilaya ya Fanshi, mkoa wa Shanxi, ulilipuka, wakafa wachimbaji zaidi ya 30. Waandishi 11 walipokea fedha na vipande vya dhahabu ili wafiche habari. Waume walikufa wakitafuta dhahabu, na kwa dhahabu vifo vyao vikafunikwa. Wajane wao wangemwendea nani?

Tusiwe wepesi wa kumhukumu kijana atuleteaye habari kutoka Maua au Siakago. Wengi wao hawana mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyotumika, na nauli ya matatu hutoka mfukoni mwao. Mwenye kituo amtumaye bila nauli amemtuma kwa mwenye bahasha, na hilo atalijibu yeye.

Lakini tuje nyumbani. Kanisa jipya lawekwa wakfu, kamati yaketi, na katika hesabu, baada ya hema na mchele, pana mstari wa "waandishi". Wengine husema, twatangaza Injili, kuna ubaya gani? Ubaya waja mwaka unaofuata, fedha za ujenzi zikipotea. Washirika watamwendea kijana yule yule aandike, naye amekwisha kula chumvi ya kanisa. Wazee wa kamati, ufuteni mstari huo. Mpeni kiti na sahani kama mgeni mwingine yeyote, na mjibuni maswali yake, hata yale yasiyopendeza.

Makanisa yetu yalipata kujua thamani ya habari isiyonunuliwa. Mwaka 1988 jarida la Beyond, la Baraza la Taifa la Makanisa, lilieleza jinsi uchaguzi wa mlolongo ulivyoharibiwa. Serikali ililipiga marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo.

Asubuhi ile ya kaburi walikuwako pia akina mama. Hao hawakupewa hata senti. Walikimbia kwa hofu na furaha kuu kuwapasha wanafunzi habari, na kwa kinywa chao habari ile imetufikia hata sisi wa Mlima Kenya.

Tuombe. Ee Bwana, umkumbuke kijana anayerudi nyumbani jioni hii kwa miguu, kwa sababu ameikataa bahasha na nauli hana. Umfikishe salama, na kesho aandike aliyoyaona. Amina.