Kilichobaki Kinuni: Mhadhara wa Umma Kuhusu Nyuzinyuzi, Bakteria wa Utumbo na Sukari ya Damu



Niliomba mhadhara huu ufanyiwe Mtangawanda, kisiwani Pate, si kwenye ukumbi wa chuo, kwa kuwa hapa ndipo boti kutoka Lamu zinapofunga, na hapa ndipo magunia yanaposhuka: mchele, unga mweupe wa ngano, sukari. Anayetaka kujua watu wa kisiwa wanakula nini asikimbilie jikoni, aanzie gatini. Akitazama vizuri ataona pia kisichoshuka. Pumba hazipandi boti. Zimebaki kinuni, zikauzwa kuwa chakula cha mifugo, na ng'ombe wa watu wananawiri kwa sehemu ya nafaka ambayo sisi tumelipa iondolewe.

Tukisema fulani “ana sukari”, macho yetu huenda kwenye kikombe cha chai. Sikitetei kikombe hicho. Lakini nadai kwamba habari nzima haimo kikombeni, na kwamba tumepoteza zaidi kwa kile tulichoacha kula kuliko tunavyokubali.

Tuanze na damu yenyewe. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Asubuhi, kabla hajala, glukosi iliyomo katika damu yote hiyo haizidi sana gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Sahani ya kawaida ya wali mweupe, ikishasagwa, humwaga ndani ya mwili glukosi zaidi ya mara kumi ya hiyo. Kazi ya kongosho ni kutoa insulini ili mzigo huo uingie kwenye misuli na ini, usielee. Mwili ukiacha kuisikiliza insulini, kongosho huzidisha, kisha huchoka. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kabla ya kula, kikithibitishwa mara ya pili, ndiyo kisukari.

Nyuzinyuzi zinaingiaje hapa? Ni ile sehemu ya mmea ambayo utumbo wetu mwembamba hauwezi kuivunja. Baadhi yake, kama ule utelezi wa bamia, hufanya chakula kiwe kizito tumboni, na glukosi ikapenya kwenye damu polepole. Jambo hilo lilipimwa katika miaka ya 1970 na David Jenkins na wenzake huko Uingereza, na Jenkins huyo huyo ndiye aliyekuja Toronto mwaka 1981 na kipimo cha kupanga vyakula kwa kufuata kasi ya kupandisha sukari.

Sehemu nyingine husafiri hadi utumbo mpana, na huko ndiko kwenye mambo. Huko wanaishi bakteria kwa matrilioni, na nyuzinyuzi ndiyo riziki yao. Wakizichachusha hutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati hulisha seli za ukuta wa utumbo. Hizo nyingine huziamsha seli zinazotoa homoni iitwayo GLP-1, ambayo huliambia kongosho litoe insulini, huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na humwambia mtu ameshiba. Homoni hiyo haidumu mwilini ila dakika chache. Semaglutide, ile dawa ya sindano ambayo matajiri wa dunia wanaigombania ili wapungue, ni mwigo wake uliotengenezwa udumu wiki nzima. Muuzaji akikwambia bamia ni sawa na sindano hiyo, anakudanganya. Nguvu zake haziko karibu. Lakini bamia huliwa kila siku, tangu utotoni, na bila daktari.

Na bakteria wakikosa nyuzinyuzi? Katika panya wa maabara imeonekana kwamba hugeukia ute unaoukinga ukuta wa utumbo, wakaula.

Elimu hii haikutoka mbali. Hugh Trowell, tabibu Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda, akafundisha na kutibu katika hospitali ya Mulago mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika, na ndani yake kulikuwa na maradhi mengi ya Ulaya aliyoyakuta huku kwa nadra. Aliporudi kwao akawa kasisi, kisha akarudia utafiti baada ya kustaafu. Mwenzake, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, alikuwa Uganda tangu 1946 na jina lake linajulikana kwa saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Mimi namheshimu zaidi kwa jambo ambalo wakubwa wa taaluma yake walilionea haya: alipima choo cha watu.

Mwaka 1972, yeye na wenzake Walker na Painter walichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Waliwamezesha watu punje ndogo zinazoonekana kwa eksirei, kisha wakangoja zitoke. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita kwa saa 36 hivi, na choo chao cha siku kilikuwa na wastani wa gramu 470. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao ilichukua saa 83, na uzito ulikuwa gramu 104. Nyinyi mnacheka, na ukumbi wowote hucheka hapo. Miaka mitatu baadaye Trowell aliandika kwamba kisukari cha ukubwani kinatokana na wanga ulioondolewa nyuzinyuzi. Alizidisha: unene, kukaa kitako na urithi navyo vina fungu lao. Lakini wakati huo hata yeye hakujua wale bakteria wanafanya nini, na utafiti wa baadaye umempa haki kuliko ulivyomnyima. Mwaka 2018 timu ya Zhao Liping ya Shanghai iliwalisha wagonjwa wa kisukari nyuzinyuzi nyingi za aina mbalimbali, na sukari yao ikashuka vizuri kuliko ya wenzao waliopewa dawa ile ile na nasaha za kawaida. Na waliokuwa na wingi wa bakteria wanaotoa zile asidi ndio waliopata nafuu kubwa.

Wako watakaosema kwamba wali ni chakula chetu cha asili. Ni kweli, lakini nusu. Wachimbaji wa mambo ya kale huko Pemba walipochunguza nafaka zilizoungua na kubaki ardhini, waliona kwamba watu wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea mawele. Mchele ulishika nafasi baadaye, kwenye mji wa Chwaka, kuanzia karne ya 11, pamoja na utajiri na karamu. Ibn Battuta alipoteremka Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli, na kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na maembe. Akaandika pia kwamba watu wa mji ule walikuwa wanene mno, na kwamba mmoja wao hula chakula cha kundi zima. Wali ulikuwa adabu ya mgeni. Sisi tumeufanya wa kila siku, na zile ndizi mbichi, ambazo wanga wake mwingi hufika salama kwa bakteria, tumezisahau.

Bado wapo kwetu wanaotuonyesha utumbo ulivyokuwa. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, nyama na asali. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 uliwalinganisha Wahadza 27 na Waitaliano 16 wa Bologna, na Wahadza wakaonekana kuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi. Utafiti wa 2017 ukaongeza kwamba aina fulani hufifia msimu mmoja na kurudi mwingine, kwa kufuata chakula. Na asali wanaila kwa wingi, jambo linalopaswa kumsumbua kila anayedhani utamu peke yake ndio adui.

Karibu zaidi na maisha yetu ni kazi ya Godfrey Temba wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzake wa Uholanzi, iliyotoka 2025. Vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro walishiriki. Waliotolewa kwenye chakula cha jadi na kulishwa cha Kizungu kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani. Waliopelekwa kinyume chake, dalili zilipungua, na sehemu ya badiliko ilionekana hata wiki kadhaa baadaye. Kundi la tatu lilinywa mbege, pombe ya ndizi iliyochachushwa, nalo likafaidika. Mbege hapa Pate haitanywewa, mashekhe watulie. Wanaotaka kitu kilichochachuka wana maziwa ya mgando.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate nyuzinyuzi gramu 25 kwa siku au zaidi. Kikombe cha mbaazi zilizochemshwa kina gramu 11 hivi. Kikombe cha wali mweupe hakifiki hata gramu 1. Kwa hiyo mbaazi za nazi si chakula cha kuonea aibu mbele ya mgeni. Mkate wa mofa wa mtama usiokobolewa unastahili kurudi mezani wakati mahamri yakipumzika. Kiporo cha wali kina wanga sugu zaidi kidogo kuliko wali wa moto, lakini kiporo kilicholala nje ya friji kwa joto letu huleta tumbo la kuharisha, kwa hiyo sikitangazi. Anayebadili chakula abadili polepole na anywe maji, ama sivyo gesi itamfanya anilaani. Anayetumia dawa au insulini asiache hata siku moja kwa kuwa amesikia habari za mtama, na anayefunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Lililobaki ni ombi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya Wakenya wazima 8 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari. Kipimo ni tone la damu ya kidole na dakika moja. Wenye zaidi ya miaka 40, na yeyote ambaye mzazi au ndugu yake ana sukari, nendeni zahanati wiki hii mkiwa hamjala. Kina baba, nyinyi mtangulie.