Kutoboa Chuma Kisichoshika Kutu

Ndugu mafundi wa Nakuru, Njoro na Gilgil,

Wafugaji wetu hutuletea matangi ya maziwa tuyatoboe, na ncha za keekee huvunjika juu yake. Wengi hulaumu duka. Mara nyingi kosa ni mwendo. Chuma hiki, ambacho katika aina iliyo ya kawaida kina kromiamu sehemu 18 na nikeli 8 katika kila 100, kikisuguliwa bila kukatwa huzidi ugumu papo hapo; nacho hakipitishi joto upesi, hivyo joto hubaki katika ncha na kuiua makali.

Basi zungusheni polepole: kwa tundu la milimita 10, karibu mizunguko 400 kwa dakika. Kandamizeni kwa nguvu isiyolegea, mafuta yakidondoka daima, hata muone nyuzi ndefu za chuma zikitoka. Mkiona unga badala yake, simameni mkainoe ncha. Alama ya kuanzia ipigwe kidogo tu, maana pigo nalo hukigumisha chuma. Bamba libanwe juu ya ubao, lisizunguke (likizunguka hukata vidole). Ncha ikikaribia kutokeza upande wa pili, punguzeni nguvu. Hapo ndipo nyingi huvunjika.