Kijana mwenye kisukari na karate



Juzi mama mmoja wa bloku yetu aliniuliza kama mwanawe, anayejidunga insulini, aache karate. Nilikwenda zahanati kumwuliza muuguzi.

Asiache. Mazoezi yanamfaa. Hatari ni sukari kushuka ghafula, kwa sababu viungo vinavyofanya kazi hula sukari, na huku insulini inaishusha. Kijana hutetemeka, hutoka jasho, husema ovyo. Je, mtajuaje kama ni sukari au ni pigo? Hamtajua. Simamisheni mchezo, anywe mara moja maji yenye sukari vijiko vya chai vitatu au vinne. Akizirai msimnyweshe kitu: mlazeni ubavu, mkimbieni kuita msaada wa zahanati.

Kabla ya kucheza apime. Chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza. Ikizidi 14, asicheze, amwone muuguzi. Hata usiku wake sukari huweza kushuka, kwa hiyo asilale na njaa. Najua posho ikikaribia kwisha sufuria huwa tupu. Siku hizo apumzike, asione haya.

Wanaocheza peku wakague nyayo, maana kidonda cha mwenye kisukari huchelewa kupona. Ambaye kisukari kimemharibu macho asipigane kabisa. Ngumi za kichwani mimi sizipendi kwa mtu yeyote.

Na mwalimu aambiwe. Kijana yule alificha ugonjwa akiogopa kufukuzwa. Hakufukuzwa. Sasa mwalimu huweka kifuko cha sukari kando ya turubai wanapochezea.