Haki ya Majeruhi wa Ajali: Qadar Haiondoi Dhamana

(Muhadhara uliotolewa msikitini baada ya Swala ya Magharibi)

Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, mada hii tumeichagua kwa sababu ya tukio lililotufika karibu. Mzazi wa mmoja wa wanafunzi wetu aligongwa na basi dogo la abiria akivuka barabara mahala palipochorwa mistari ya waendao kwa miguu. Mguu ukavunjika. Siku ya tatu, akiwa kitandani, alijiwa na mwenye gari akiongozana na wazee wawili wa mtaa. Wakamwambia kuwa hayo ni maandiko ya Allah, na kwamba Muislamu hashitaki juu ya qadar. Wakampa fedha za kutosha dawa za wiki moja, pamoja na karatasi ya kutia saini. Akatia. Nasi tulipomzuru tulimsifu kwa subira yake, wala hatukumwuliza karatasi ile ilisema nini. Miezi minne baadaye mguu ukakatwa. Leo fundi yule wa uashi hana kazi, na mwanawe ameacha chuo, anauza maji stendi. Sisi tuliosomeshwa dini tulikuwapo, tukanyamaza. Muhadhara huu ni katika kulipa sehemu ya deni hilo.

QADAR NA DHAMANA

Kuamini qadar ni nguzo katika nguzo za imani, na asiyeiamini hana imani. Lakini tuitazame Sura an-Nisaa, aya ya 92. Allah (s.w.) anazungumzia Muumini aliyemuua Muumini mwenzake kwa kukosea, bila ya kukusudia. Bila shaka kifo hicho nacho ni qadar. Pamoja na hivyo, Allah amewajibisha mambo mawili: kafara, ambayo ni kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, na diya inayokabidhiwa watu wa marehemu, ila wakiisamehe wao kwa kuifanya sadaka.

Zingatieni ni nani aliyepewa hiari ya kusamehe. Ni mwenye haki. Mdaiwa hana mamlaka ya kujisamehe, wala mzee wa mtaa hana mamlaka ya kusamehe kisichokuwa chake. Subira ni ibada ya moyo wa aliyeumizwa, na kulipa ni wajibu wa aliyeumiza. Hii haiifuti ile.

Wanachuoni wa zama zetu wamelizungumza jambo hili waziwazi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, ilipitisha kuwa ajali za magari zinahukumiwa kwa hukumu za jinai katika sharia, ijapokuwa nyingi zake ni za kukosea. Dereva anadhamini madhara aliyoyasababisha katika mwili na mali. Hasalimiki ila kwa jambo kubwa asiloweza kulizuia, au kosa la aliyeumia lenye athari kubwa katika ajali, au uvukaji mipaka wa mtu mwingine. Na wote wawili wakishiriki katika kosa, kila mmoja hubeba fungu lake.

THAMANI YA KIUNGO

Sharia haikukiacha kiungo cha mwanaadamu bila ya thamani. Katika waraka mashuhuri uliopokewa kwa Amr bin Hazm (r.a.), diya kamili ni ngamia 100, mguu mmoja ni nusu yake, jicho moja ni nusu yake, kila kidole ngamia 10, na jino ngamia 5. Jeraha lisilotajiwa kiwango hukadiriwa na waadilifu wenye ujuzi, na hilo mafaqihi huliita hukuma. Basi yule fundi, kwa mizani ya sharia, alikuwa anadai nusu ya diya. Alipewa dawa za wiki moja, nasi tukamwambia hongera.

JERAHA LISUBIRIWE

Imepokewa na Ahmad na Daraqutni kuwa mtu mmoja alichomwa pembe gotini, akaja kwa Mtume (s.a.w.) kutaka kisasi. Akaamrishwa angoje mpaka apone. Akashikilia, akatimiziwa. Kisha akarudi amekuwa kiwete, naye akawa hana tena la kudai, kwa kuwa alifanya haraka. Baada ya hapo Mtume (s.a.w.) akakataza kulipiziana jeraha kabla mwenyewe hajapona. Wanachuoni wa hadithi wameijadili sanadi yake, lakini wengi katika mafaqihi wameyafanyia kazi maana yake.

Ndugu zetu, hili ndilo lililomfika mzee wetu. Asiyejua mwisho wa jeraha lake hajui anasamehe nini. Kwa hiyo majeruhi asitie saini karatasi yoyote inayosema ameridhika na hana madai, mpaka tabibu amwambie kuwa tiba imefikia mwisho na ulemavu uliobaki ni kiasi gani. Akipewa fedha za dawa kabla ya hapo azipokee, na iandikwe kuwa ni sehemu ya malipo.

SUALA LA BIMA

Hapa huulizwa: bima ya biashara ilikatazwa na Majmaa hiyohiyo mwaka 1985, vipi Muislamu adai kwa kampuni ya bima? Tunajibu: hukumu ile inahusu mkataba baina ya kampuni na mwenye gari. Majeruhi si mshirika katika mkataba huo. Yeye ana deni juu ya aliyemuumiza, na nchi, kupitia Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, imelazimisha kila gari liwe na bima ya kufidia wengine. Kampuni inalipa badala ya mdaiwa, na mwenye kudai haki yake haulizwi mdaiwa kazipata wapi. Kadhalika kwenda mahakamani kuipata haki ambayo sharia imekuthibitishia, pasipo njia nyingine, ni kuondoa dhulma, madhali huchukui zaidi ya haki yako.

NJIA YA KUDAI

Kwanza, ajali iripotiwe polisi siku hiyohiyo, na majeruhi apatiwe fomu namba 3, maarufu PF3, ambayo tabibu huijaza. Hata hivyo roho haingoji karatasi: hali ikiwa mbaya apelekwe hospitali kwanza, fomu ifuate.

Pili, inakiliwe namba ya gari, jina la dereva, na majina ya mashahidi wenye simu zao. Hii leo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) inao mfumo ambao kwa namba ya gari mtu huhakiki kama lina bima na ni ya kampuni gani.

Tatu, zihifadhiwe stakabadhi zote za dawa na usafiri, picha za eksirei, na ushahidi wa kipato kabla ya ajali. Iombwe ripoti ya polisi na ramani ya ajali, na hukumu ya mahakama kama dereva alishitakiwa. Faini anayotozwa dereva huingia serikalini, si mfukoni mwa majeruhi. Fidia ni dai jingine.

Nne, kampuni iarifiwe mapema kwa maandishi. Ikikataa au ikizungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo mahakama. Tusisahau kuwa muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka 3. Wengi haki zao zimezama humo, wakiambiwa kila mwezi njoo kesho.

HARAMU KATIKA KUDAI

Kama ilivyo haramu kumnyima majeruhi, ni haramu majeruhi kudhulumu. Wapo vishoka wanaozunguka wodini, wakitengeneza stakabadhi za uongo na kuandikisha ulemavu usiokuwapo, kisha wakachukua nusu ya malipo. Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kuwa anayehukumiwa kupata haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja zake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haiuhalalishi uongo, basi hundi ya bima itauhalalisha vipi?

MJANE NA MAYATIMA

Majeruhi akifariki, fidia ya kifo chake ni ya warithi wake. Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa akiona kuwa mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka Dahhaak bin Sufyaan (r.a.) alipomjulisha kuwa Mtume (s.a.w.) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake. Basi na wale kina ami wanaoifuata hundi mjini, na kumrudisha mjane kwao na kanga mbili, nao waache. Fungu la mayatima liandikwe na lihifadhiwe, kwani aya ya 10 ya Sura an-Nisaa imewabainishia wanaoila mali ya yatima kuwa wanachokitia matumboni mwao ni moto.

HITIMISHO

Nyie madereva na wenye magari mliomo humu, mkiumiza mtu msitangulize aya za qadar kabla hamjatanguliza malipo. Na anayetaka kusamehe, kusamehe ni bora, lakini asamehe akiwa anaijua haki yake na hatishwi na mtu. Nasi walimu, tukienda kumzuru majeruhi, baada ya kumwombea shifaa tumwulize: umetia saini nini?

Mzee wetu yule tumeanza kumtafutia wakili, kwani miaka mitatu haijatimia. Tunawaomba dua, na mwenye elimu ya sheria atuone baada ya Isha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.