Kazi Iliisha, Watu Hawakuisha

Maneno yaliyosemwa katika kipindi cha familia na kazi, siku ya pili ya maadhimisho. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuvuka mpaka kuja.

 

Wapendwa mliotoka Kigali, Bujumbura, Kampala, Nairobi, Goma na Bukavu, nanyi wenyeji wetu, nawasalimu. Mimi si mhubiri, ni mtu wa nyaraka za mizigo. Nimeombwa niseme habari za kazi, nami nimekubali kwa sababu najua katika viti hivi kuna mtu amevaa suti nzuri leo, hana kazi, na aliyekaa naye bega kwa bega hajui. Nasema najua kwa sababu mwaka juzi mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilifanya kazi miaka tisa katika kampuni moja ya uwakala wa forodha pale Dar es Salaam. Kontena likishushwa bandarini, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha karatasi zake zinafika Rusumo au Kabanga kabla ya lori lenyewe. Asubuhi moja ya mwezi Machi tuliitwa watu kumi na mmoja. Mteja mkubwa ameondoka, kampuni inapunguza wafanyakazi, barua hizi hapa. Saa nne nilikuwa nje ya geti na boksi mkononi: kikombe, picha ya watoto, kalamu mbili.

Nyumbani sikusema. Jamani, wiki tatu nzima! Naamka saa kumi na moja, navaa shati la kazi, napanda daladala, nashuka Posta, nakaa kwenye benchi upande wa bahari mpaka saa kumi jioni. Jumapili naimba kwaya kama kawaida. Mtu akiniuliza, "Kazi inaendeleaje, mtumishi?" namjibu, "Mungu ni mwema." Na ni kweli Mungu ni mwema, lakini mimi nilikuwa nimelifanya neno hilo pazia la kujifichia.

Mke wangu aliikuta barua kwenye mfuko wa suruali alipotaka kufua. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani kando ya chai, akaniuliza, "Baba watoto, umemwambia nani?" Nikasema, sijamwambia mtu. Akasema, "Sasa atakusaidia nani?"

Wapendwa, mahubiri yangu yote leo ni swali hilo la mke wangu. Haya mengine ni maelezo tu.

Jambo la kwanza: sema, halafu kusanya haki yako. Kabla hujaingia mtandaoni kutafuta kazi, hakikisha umetoka kwenye kazi ya zamani na karatasi zako. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema anayepunguzwa kazini alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mpaka kufikia miaka kumi. Mimi wa miaka tisa nilihesabu siku 63. Ndugu zetu wa Kenya, sheria yenu ya mwaka 2007 inasema siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili. Kote kuwili una haki ya kupewa cheti cha utumishi, kinachoonyesha ulifanya kazi gani na kuanzia lini hadi lini. Usikiache. Mwajiri mpya atakiuliza, na ukiwa umeondoka kwa hasira hutakuwa na uso wa kurudi kukiomba.

Jambo la pili: hesabu watu wako. Usiku ule ule mke wangu alichukua daftari la mtoto la mazoezi, akasema, "Fungua simu." Tukapitia majina moja moja. Mimi nilidhani nina watu kumi wa maana. Tulipomaliza tulikuwa na 62! Madereva wa malori. Wateja wa zamani. Maofisa niliokuwa nikiwapigia simu kufuatilia nyaraka. Watu niliosoma nao. Watu wa ushirika huu huu niliokutana nao kwenye makongamano, tukapeana namba, tukasema "tutawasiliana", tusiwasiliane.

Sasa hapa niwaambie kitu ambacho kilinishangaza. Sisi tunadhani kazi italetwa na mtu wa karibu: kaka, shemeji, rafiki wa kila siku. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa utafiti juu ya watu waliopata kazi kwa kupitia watu wanaofahamiana nao. Akawauliza, huyo aliyekupa habari ulikuwa unaonana naye mara ngapi? Waliosema "mara nyingi" hawakufika hata mmoja kati ya watano. Wengi walisema "mara moja moja" au "kwa nadra". Na mwaka 2022 watafiti wengine waliangalia watumiaji wapatao milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, wakaona jambo linalofanana na hilo: mtu wa mbali kidogo ndiye anayefungua mlango zaidi kuliko yule wa karibu kabisa.

Kwa nini? Fikiri mwenyewe. Rafiki yako wa kila siku anajua yale yale unayoyajua wewe. Mko kundi moja la WhatsApp, mnasikia tangazo moja. Lakini yule wa mbali anaishi kwenye habari nyingine.

Jambo la tatu: andika ujumbe wenye kichwa na miguu. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa hivi: "Bwana asifiwe mpendwa, naomba unikumbuke kwa kazi yoyote." Niliutuma kwa watu kumi na watano kwa mkupuo. Nilipata majibu gani? "Amina." "Pole sana." "Tuko pamoja katika maombi." Nao hawakukosea! Ningekuwa mimi ningejibu hivyo hivyo. Kazi yoyote ni kazi ipi? Nimpeleke kwa nani? Nikaseme anajua nini?

Mke wangu akasema, andika tena, kila mtu na wake. Tukaandika hivi, kwa dereva mmoja wa Kigali: "Habari za siku nyingi, kaka. Ni mimi wa nyaraka Dar, tulisaidiana lori lako lilipokwama Rusumo. Kampuni yetu imepunguza watu, nami nimo. Nimeshughulika na mizigo ya Rwanda na Burundi miaka tisa. Natafuta kazi hiyo hiyo, Dar au popote njiani. Je, kuna mtu mmoja unayemfahamu ambaye naweza kuzungumza naye dakika kumi? Hata kama hayupo, nashukuru. Safari njema."

Umeona tofauti? Nimemkumbusha tulipokutana. Nimesema ninachojua. Nimesema ninachotafuta. Na sikumwomba kazi, kwa sababu hana kazi ya kunipa. Nimemwomba jina la mtu, na jina analo.

Jambo la nne: toa kabla hujaomba. Nilikuwa kwenye kundi moja la WhatsApp la madereva na watu wa mizigo. Miaka yote nilikuwa nasoma tu, nimekaa kimya kama mgeni kwenye harusi. Nikaanza kujibu. Mtu anauliza, namba ya kontena ikikosewa kwenye tamko la forodha nafanyaje? Namweleza. Nikafungua na ukurasa LinkedIn, nikaweka picha ya kawaida yenye uso wangu, nikaandika kwa maneno ya kawaida ninachofanya na njia ninazozijua. Sikujiita meneja, sikuwahi kuwa meneja. Mpendwa, uongo kwenye wasifu wa kazi ni uongo, hata kama umeuandika ukiwa umefunga na kuomba. Na bando ni ghali, kwa hiyo nilijiwekea saa moja asubuhi na nusu saa jioni. Siyo kukodolea macho simu kutwa ukiangalia maisha ya wenzako.

Jambo la tano linaniaibisha, lakini nitalisema. Mwezi wa pili bila mshahara nilipata ujumbe kwenye Facebook: kazi ya ghala huko Ghuba, mshahara mnono, anza mwezi ujao, tuma 120,000 kwa simu ya mkononi za kutanguliza vipimo vya afya. Nilituma. Kesho yake ile akaunti haikuwepo, na ile namba haikupatikana tena. Laki moja na ishirini kutoka kwenye kiinua mgongo, pesa ya ada ya mtoto. Mtu mwenye njaa hasomi vizuri.

Basi shika hili: kazi inayotaka ulipe kwanza, ikimbie. Anayekuharakisha, mwambie unakwenda kuuliza. Wakala wa kupeleka watu kazini lazima awe na kibali cha serikali, na vibali vinaweza kuulizwa: Kenya kuna Mamlaka ya Taifa ya Ajira, Uganda kuna wizara inayoshughulikia kazi, Tanzania kuna ofisi za kazi. Na mtu akikuletea kazi kwa jina la kanisa, uliza vile vile. Salamu ya "Bwana asifiwe" kila mtu anaweza kuiandika.

Jambo la sita, mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na inazungumza juu ya wafanyakazi kuvuka na kufanya kazi nchi jirani. Hilo ni jema, na Kongo nayo imejiunga na Jumuiya mwaka 2022. Lakini kuvuka siyo kuhamia kimya kimya. Kibali cha kazi bado kinahitajika, na mwajiri wa kweli hataogopa ukimuuliza nani anakishughulikia. Usije ukaanza maisha mapya kwa kujificha.

Sasa mtauliza, iliishaje? Niwe mkweli. Kati ya wale 62 niliwaandikia 40. Waliojibu ni 17. Wengi walisema pole, na pole nayo ni dawa. Wanne wakanipa jina la mtu. Wawili kati ya majina hayo hawakupokea simu kabisa. Mmoja alinisikiliza vizuri, akasema hana nafasi. Mmoja ndiye akawa mlango.

Jina hilo lilitoka kwa yule dereva wa Kigali. Tulikuwa tumeonana mara mbili tu maishani! Aliupeleka ujumbe wangu kama ulivyo kwa bosi mmoja wa usafirishaji Kahama, karibu na bandari kavu ya Isaka, akaongeza maneno machache ya kwake: huyu hakuniacha nilale mpakani. Nilihojiwa kwa simu ya video, nimeketi chumbani kwa watoto kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Mwezi wa tano tangu nitoke pale getini, nilianza kazi.

Mshahara ni mdogo kuliko wa zamani. Familia ilibaki Dar mpaka mwaka wa shule ulipoisha, na miezi ile nilijipikia ugali ambao hata mimi sikuupenda. Sisemi hadithi ya mtu aliyetoka shimoni akaingia ikulu. Nasema nilitoka shimoni.

Ikulu nimeitaja, basi nimalizie na mtu wa ikulu. Mnamkumbuka Yusufu gerezani? Alimsaidia yule mnyweshaji wa Farao, akamfasiria ndoto yake, kisha akamwomba jambo moja: ukirudi mbele ya mfalme, nitaje. Angalieni, Yusufu mwenye ndoto, Yusufu mwenye Mungu, hakuona aibu kuomba atajwe. Mnyweshaji akatoka, akarudi kazini kwake, akasahau. Miaka miwili! Yusufu hakukosa kipawa miaka ile miwili. Alikosa mtu mmoja wa kufungua kinywa.

Huwa tukisoma habari hii sote tunakuwa Yusufu. Leo naomba baadhi yetu tuwe mnyweshaji. Wewe uliye kazini, unayejua ofisi yenu inatafuta mhasibu, fundi umeme, muuguzi, dereva, ni nani ulimwacha mle ndani ukaahidi kumtaja? Fungua simu yako leo kabla ya chakula cha jioni. Tafuta jina moja. Sikuambii umpe kazi. Sema jina lake mbele ya mtu mmoja anayeweza kumsikiliza.

Na wewe uliyevaa suti nzuri na barua ikiwa mfukoni: usiende kwenye benchi kesho. Kabla ya kulala mwambie mtu mmoja. Daftari la mtoto linatosha kuanzia. Mimi nipo hapa mpaka keshokutwa, na namba yangu katibu wa kituo chenu anayo. Siwezi kukuahidi kazi. Nitakusikiliza, na jina lako nitalisema.

Mungu awabariki, awavushe salama mipakani kwenu.