Kabla Hujanunua Laptopu Nyingine

Mazungumzo ya afisa wa TEHAMA wa kaunti na wenye saiba na wakazi wengine, katika ukumbi wa wadi

Nashukuru mmekuja, hasa nyinyi wenye saiba, maana najua kila saa mlango ukifungwa ni pesa inayopotea. Nimesoma maswali mliyoandika mlipoingia. Karibu yote yanauliza jambo moja: kwa nini kompyuta niliyoinunua kwa pesa yangu inaniambia imepitwa na wakati?

Windows 10 ilitoka mwaka wa 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya bure. Mashine haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inachapisha, inafungua eCitizen kama jana. Inachokosa ni viraka: matundu mapya huzidi kugunduliwa ndani ya programu hiyo, na sasa hayazibwi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kuongezewa muda.

Mzee mmoja ameandika, "Mimi sina kitu cha kuibiwa." Mzee wangu, kwa heshima zote, Mei 2017 WannaCry haikuuliza nani ana kitu. Iliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla, ila wengi hawakuwa wamekiweka. Halafu kompyuta ya saiba haibebi mambo ya mwenyewe peke yake. Ina vitambulisho vilivyoskaniwa, nywila za iTax, vyeti vya watoto wa watu.

Hata hivyo, manung'uniko yenu ni ya haki. Mama mmoja anasema tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani, foleni ikiwa mlangoni, mashine zake mbili zilianza kujisasisha. Wateja wakahamia kwa jirani. Mama, pole. Ingia kwenye mipangilio ya masasisho uiambie saa zako za kazi, hadi saa 18 kwa siku. Haitajizima na kujiwasha yenyewe ndani ya muda huo. Kama unatumia bando za simu, kwenye mipangilio ya mtandao weka alama kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatasubiri. Ila usiyaache yasubiri hadi Krismasi. Tafuta siku yenye WiFi uyamalize.

Wanaosema masasisho huharibu mashine pia hawasemi uongo. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na ndege zikakwama. Ushauri wangu ni huu: mwenye mashine kadhaa aanze na moja, aitazame siku mbili tatu, kisha zifuate zingine.

Sasa tufike penye uchungu. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, prosesa iliyo kwenye orodha yake, na chipu inayoitwa TPM 2.0. Chipu hiyo ni kama kasha dogo la chuma ndani ya mashine, linalohifadhi funguo za diski. Diski ikiwa imefungwa kwa funguo hizo, mwizi akiichomoa na kuitia kwenye mashine nyingine hasomi kitu. Ni jambo zuri. (Nawe pia hutasoma, fundi akibadilisha bodi na hujahifadhi ile nambari ya kufungulia yenye tarakimu 48. Iandike leo.) Lakini kumwambia mtu atupe laptopu inayofanya kazi zake zote kwa sababu ya prosesa, hapo mimi sikubaliani, na sioni haya kusema.

Mnaonunua ex-UK mjini, angalieni kabla ya kulipa. Kwa Intel, i5-6300U ni kizazi cha 6, nayo haimo kwenye orodha. I5-8350U ni cha 8, nayo imo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ukiona 2.0, vyema. Ukiambiwa hakuna, huenda imezimwa kwenye BIOS. Muuzaji aiwashe mbele yako, pesa ikiwa bado mfukoni mwako.

Kwa mashine ambazo hazifai, kuna njia mbili. Kompyuta ya nyumbani inaweza kuongezewa viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kupitia akaunti ya Microsoft, bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio yako huko, la sivyo dola 30. Biashara ina utaratibu wake na bei yake, kwa hiyo wenye saiba msihesabu hiyo. Njia ya pili ni Linux Mint, ambayo ni ya bure. Utapata Firefox, utapata LibreOffice ya kuandika barua na CV. Kinachoweza kukusumbua ni printa, na mafaili ya Word yenye mapambo mengi.

Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Nimekuja nazo, ziko meza ya mbele. Nimeona kuna dada aliyebeba laptopu na printa yake. Aje tuanze na yeye, tuone kama itachapisha.