Kabla ya Kuongeza Gesi: Kutambua na Kurekebisha Hitilafu za Kiyoyozi cha Gari Kajiado

Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Vilima vya Ngong humfanya dereva apandishe vioo bila kuambiwa. Kutoka hapo barabara inateremka Bonde la Ufa kupitia Olepolos, Oltepesi na Olorgesailie hadi Magadi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 600 hivi, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 bila shida. Gari lililotoka gereji likipuliza baridi nzuri huku juu laweza kufika huko chini likipuliza vuguvugu. Mteja hurudi na lawama, fundi anaongeza gesi, na safari ya pili inakuwa kama ya kwanza.

Makala haya yanatetea jambo moja: gesi iwe kitu cha mwisho kuguswa. Mfumo wa kiyoyozi umefungwa. Gesi huzunguka humo ikibadilika kuwa kimiminika na kurudi kuwa mvuke. Haichomwi kama petroli. Kiasi kidogo hupenya kwenye mipira kwa miaka mingi, lakini gari linalodai gesi kila baada ya miezi mitatu lina tundu, na kulijaza bila kulitafuta tundu hilo ni kumwuzia mteja kitu kile kile mara nne kwa mwaka.

Uchunguzi huanza kwa maswali. Baridi inapotea wakati gani? Ikipotea kwenye foleni ya Kitengela na kurudi gari likishika mwendo, wa kwanza kushukiwa ni feni ya kondensa, au kondensa yenyewe iliyozibwa na vumbi. Ikianza vizuri, ikafa baada ya nusu saa, kisha ikarudi gari likipumzika, kuna barafu mahali: unyevu unaoganda kwenye valvu ya upanuzi, au kihisi cha joto kinachoiacha evapereta igande. Hewa ikiwa baridi lakini dhaifu, fundi afungue kichujio cha hewa ya ndani ya gari kabla ya kufungua boneti. Kwa vumbi la Kajiado, kichujio hicho mara nyingi hutoka kimejaa udongo mtupu.

Kuna lalamiko moja ambalo mafundi wa huku hawana budi kulielewa vizuri. Dereva anasema kiyoyozi hukatika akipanda kutoka Oltepesi akiwa na mzigo. Katika magari mengi, kompyuta ya injini huzima kompresa kwa makusudi pale kanyagio la mafuta linapokanyagwa hadi mwisho, au maji ya rejeta yanapopata joto kupita kiasi. Hapo kiyoyozi ni kizima. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni rejeta, themostati na pampu ya maji. Gesi ikiongezwa, shinikizo la upande wa juu hupanda na mzigo wa injini unakuwa mkubwa zaidi.

Baada ya maswali ndipo zije geji. Injini ikiwa imezimwa na gari limepoa, mfumo unaotumia gesi ya R134a husoma takriban psi 70 kwenye nyuzi 20, na karibu psi 100 kwenye nyuzi 30. Wengi hudanganyika hapa. Kipimo hicho kinathibitisha tu kwamba bado kuna kimiminika ndani. Iwe ni gramu 100 au 450, sindano husimama pale pale. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, na chombo pekee cha kukifikia ni mizani.

Injini ikiwaka, pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, hewa imeingia, au kondensa haipozwi. Upande wa chini ukipanda huku wa juu ukishuka, kompresa imechoka. Upande wa chini ukizama hadi chini ya sifuri, kuna kizibo kwenye valvu au kwenye kikaushio.

Mwinuko nao una hesabu yake. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari, na humwambia fundi avute hewa kutoka kwenye mfumo mpaka geji isome inchi 29 za zebaki. Kona Baridi namba hiyo haipatikani hata kwa pampu bora duniani, kwa sababu hewa ya hapa ina shinikizo la inchi 23 na nusu hivi tu; Kitengela, karibu 25. Fundi asiyejua hilo huilaumu pampu, au huwinda uvujaji usiokuwepo. La kuangalia ni kama sindano inabaki palepale nusu saa baada ya pampu kuzimwa.

Uvujaji wenyewe hutafutwa kwa nitrojeni kavu na povu la sabuni, au kwa rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Anza na kondensa, kwani ndiyo inayopokea mawe ya barabarani. Doa la mafuta yaliyoshika vumbi ni ushahidi wa kutosha kuanzia. Kisha tazama oringi za maungio, sili ya shafti ya kompresa, na mrija unaotoa maji ya evapereta. Hewa ya kawaida isitumike kupima shinikizo, maana huingiza unyevu, na unyevu huzaa asidi ndani ya mfumo. Mfumo uliokaa wazi ubadilishiwe kikaushio.

Magari ya mseto kama Prius na Aqua yanahitaji uangalifu wa pekee. Kompresa yake huendeshwa kwa umeme wa volti nyingi na hutumia mafuta ya aina ya POE. Mafuta ya PAG ya magari ya kawaida yakiingia humo, kinga ya umeme hudhoofika, na gari laweza kukataa kuwaka.

Silinda ya gesi isiyo na asili inayojulikana nayo ikataliwe. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua mafundi, kwa sababu gesi bandia iliyowekwa badala ya R134a ilikuwa na kloromethani, ambayo ikikutana na aluminiamu huzaa kemikali inayowaka yenyewe hewani. Kompresa za magari pia ni za aluminiamu.

Hata gesi halali isifunguliwe ikapotelea hewani. Kilo moja ya R134a hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Gramu 450 za gari dogo ni kama kilo 640. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza gesi za jamii hii.

Mashine ya kunyonya na kusafisha gesi ni ghali kwa gereji moja ya jua kali. Gereji za Kiserian, Isinya na Kitengela zinaweza kuchanga na kumiliki moja, izunguke kwa zamu, huku kila gereji ikiwa na mizani, pampu na kipimajoto chake. Na gari la mteja wa Magadi lisikabidhiwe kwa kipimo cha Kona Baridi pekee: fundi ateremke nalo hadi Oltepesi mchana, kipimajoto kikiwa kwenye tundu la hewa, na aandike usomaji wake kwenye risiti.